Chuma Hakirudii Sauti Yake

Kabla hamujaniamini, munichunguze kwanza. Naitwa Papa Bauma. Nimefunga waya za transfo hapa Goma tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, mpaka vidole vikaanza kutetemeka, na sasa nimestaafu, maana yake ninakaa mulangoni pangu Majengo na kukosoa kazi za wengine. Nawaandikia ninyi batoto munaoanza kazi hii ya bobinaji, ya kuzungusha waya, kwa sababu nimewaona kwa macho yangu mukinunua waya ya shaba kando ya barabara bila hata kuikwaruza. Ikwaruzeni, jamani! Chukua wembe, kwaruza kidogo. Ukiona ndani ni nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyovalishwa rangi. Verni nayo, ile rangi ya kupaka juu ya waya, uinuse, ikinuka petroli mwachie mwenyewe. Na muuzaji akianza kuapa kwa jina la mama yake, kwaruza mara mbili.

Mashaka ndiyo yaliyonilisha, siyaonei haya. Lakini kuna siku moja mashaka hayohayo yalinifanya nimuvulishe mwanamuke hereni mbele ya watu, na yule mwanamuke hakuwa na kosa hata la ukubwa wa punje ya chumvi. Hilo ndilo nataka kuwaeleza. Ya waya na verni yalikuwa ya kupasha mudomo moto tu.

Munajua transfo ni nini: waya nyingi zimezungushwa juu ya chuma. Na kile chuma si kipande kimoja, ni tole, bati nyembamba nyembamba zilizopangwa kama kurasa za daftari. Waya ikiungua, fundi anatoa zile tole, anafunga waya mpya, anarudisha tole zilezile za mwenyewe. Tole nzuri za zamani hazipatikani tena kwa urahisi. Kwa hiyo wizi wa kazi yetu haukuwa kwenye waya, ulikuwa kwenye tole: unaletewa nzuri, unarudisha za kutu kutoka mashine nyingine, ukishafunika na verni nani atajua? Mashine inaondoka ikinguruma kidogo kuliko jana, na mwenyewe anafikiri ni uzee.

Mafundi wengine walikuwa wanachonga alama kwenye tole za kila mutu. Muzee Kasereka, aliyenifundisha kazi, hakutaka kusikia hilo. Siku moja alinikuta nimeshika patasi.

“Weye! Unakata chuma ju ya nini?”

“Naweka alama, muzee.”

“Chuma inasikia! Ukikata, unaiumiza. Ukipiga nyundo, unaiumiza zaidi.”

Mimi nilicheka moyoni. Wiki iliyofuata nikanyoosha tole zilizopinda kwa nyundo, nikazipanga, nikafunga, nikawasha. Ile transfo ilipata joto kabla haijabeba hata taa moja. Muzee hakunitukana. Alingoja saa ya kula, akaniwekea ile transfo juu ya mapaja, akaniwekea sahani ya bugali na sombe juu yake, akasema, “Kula. Sikia joto ya nyundo yako.” Nilikula haraka kuliko siku zote za maisha yangu.

Baada ya hapo ndipo akanionyesha namna ya kusikiliza chuma. Chombo chake kilikuwa kitu cha aibu kukitazama: bobine yenye waya nyembamba kama unywele, mizunguko elfu na elfu, imeunganishwa kwenye amplifika ya redio-kaseti iliyokufa, na sikioni spika ndogo. Unaingiza tole moja ndani ya bobine, halafu unaileta sumaku polepole. Unasikia *krrr… tak… krrr… tak-tak*, kama mahindi yanayopasuka ndani ya sufuria yenye kifuniko. Chuma kizuri kinaanza kusema mapema, sumaku ikiwa bado mbali. Chuma kilichopigwa kinanyamaza, kinakataa, halafu kinapiga kelele sumaku ikiwa imefika karibu kabisa. Ukishazoea hutahitaji kuambiwa. Muzee Kasereka aliweza kusema, “Hii iliangukaka,” na ikawa kweli iliangukaka.

Muzee alipofariki, tulibaki wawili kwenye atelye, ile karakana yake, mimi na Mama Kavira. Familia yake ni ya Butembo, wafanyabiashara wa safari ndefu wote, na yeye peke yake alikataa kusafiri, akasema barabara inamuchosha hata kuitazama. Mimi nilifunga waya, yeye alisafisha tole na kuzipanga. Hakuna mutu aliyepanga tole kama yeye: ukipitisha ukucha pembeni, husikii hata moja imetokeza. Tulitaniana tangu asubuhi. Nikichungulia begi lake wakati wa kutoka, alikuwa anasema, “Papa Bauma, hesabu na pumzi yangu, labda nimeiba moja ya weye.” Nilikuwa nacheka, lakini begi nilichungulia.

Halafu zikaja hizi simu zinazorekodi sauti. Nikajiona mujanja wa mji muzima. Nilifikiri hivi: kila tole ina sauti yake, basi nirekodi sauti ya tole ya kila mutu siku anapoleta mashine, na siku ya kufunga nipime tena. Sauti ikiwa ileile, chuma ni kilekile. Ikiwa nyingine, kuna mwizi. Sikumuuliza mutu yeyote kama jambo hilo linawezekana. Mutu wa mashaka, batoto, ana ugonjwa huu: anashuku kila kitu isipokuwa wazo lake mwenyewe.

Kituo kimoja cha afya cha Mapendo kilituletea stabilizatere yao, ile transfo ya kulinda frigo ya chanjo, maana umeme wetu munaujua, unaingia na hasira na kutoka na hasira. Muuguzi mukuu, mama mumoja mukali na mwenye haraka, sisi tulimuita mama muganga, aliileta mwenyewe nyuma ya pikipiki. Tole zilikuwa nzuri ajabu. Nikachukua moja yenye doa la kutu pembeni, nikaisikiliza taratibu, nikatia sauti yake ndani ya simu. Kesho yake nikaitwa Masisi kwenye matanga ya mujomba wangu. Nikaacha kila kitu mikononi mwa Mama Kavira kwa siku mbili.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiri tole, si mujomba. Mungu anisamehe.

Nilifika atelye nikiwa bado na vumbi la safari, nikamukuta muuguzi amekuja kuuliza kazi imefika wapi. Sikukaa hata chini. Nikachukua ile tole ya doa, nikaitia kwenye bobine, nikapitisha sumaku, nikarekodi, kisha nikafungua sauti ya kwanza na ya pili moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa na mlio mukubwa, *tak*, karibu na mwanzo. Ya pili haikuwa nao. Ya pili ilikuwa na miwili katikati ambayo ya kwanza haikuijua.

“Mama Kavira, tole za mama muganga ziko wapi?”

“Si ndizo uko nazo mu mukono?”

“Hizi haziko zile.”

Aliweka chini burashi ya verni. “Unasema je?”

“Nasema zilibadilishwa. Sauti inakataa.”

“Na doa ya kutu? Haiko ileile?”

Musikie jinsi mutu anavyopotea: nilimjibu kwamba kutu ni kitu cha kutengeneza, maji na chumvi tu. Muuguzi alianza kututazama kwa zamu. Mama Kavira akasema, bila kupandisha sauti, “Pima tena. Mbele yangu.” Nikapima tena. Ikatoka sauti ya tatu, si ya kwanza wala ya pili. Tole haikuwa imetoka mukononi mwangu hata kidogo, na mutu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilitafuta nani anaichezea.

“Uko na sumaku mwilini. Toa hereni.”

“Papa Bauma.”

“Toa.”

Hereni zile zilikuwa za mama yake, aliyekuwa ameshafariki. Alizitoa, moja, ya pili, akaziweka juu ya meza. Akatoa bikomo, bangili za mukononi. Akatoa hata pini iliyoshika kitambaa chake kichwani, kitambaa kikamuanguka mabegani. Nikapima. Ikatoka sauti ya nne. Nikasema, “Basi ulishazichezea zamani.” Yeye alikusanya vitu vyake ndani ya kiganja, akapita mbele ya muuguzi kichwa wazi, akatoka. Begi lake hakulifungua ili nichungulie, na mimi sikuthubutu kumuita.

Muuguzi alibeba tole zake ndani ya gunia akaenda kutafuta fundi mwingine. Aliniachia ile moja yenye doa, nilimwambia ni ushahidi. Na mji huu una masikio. Haikupita wiki mbili, hakuna atelye iliyotaka kumupa Mama Kavira kazi. Mikono ile inayopanga tole kama daftari, ikaanza kukaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, mbele ya nyumba kule Mapendo.

Sasa ngojeni niwaambie kwa nini nilikwenda kwa mwalimu Noella. Musifikiri dhamiri ilinisumbua. Nilikwenda kutafuta karatasi yenye muhuri! Noella anafundisha fizike kwenye shule ya sekondari, msichana mwembamba mwenye miwani, na nilitaka aandike kwamba, kwa mujibu wa sayansi, chuma kilibadilishwa. Nilimuwekea simu, bobine na tole juu ya meza ya maabara, nikamueleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka. Nilikasirika kabisa.

“Papa,” alisema, “ulitaka chuma kirudie sauti yake?”

“Mutu si anarudia sauti yake?”

“Ebu sema neno moja mara mbili, tuone.”

Alikwaruza rangi ya juu ya tole kwenye kona, akaisugua kwa msasa laini siku nzima mpaka ikawa kioo. Akachukua wino wa unga wa mashine ya fotokopi, ule wenye chuma ndani yake, akauchanganya na alkoli, akadondosha tone moja juu. Akaweka tole chini ya darubini ya shule. “Tazama.”

Nilitazama nikifumba jicho moja. Ule unga ulikuwa umejipanga wenyewe kwenye mistari, kama mipaka ya mashamba ukiyaona kutoka juu ya kilima kule kwetu. Noella akanieleza. Ndani ya chuma kuna sehemu sehemu, kila moja ni sumaku ndogo inayotazama upande wake. Kati ya sehemu na sehemu kuna mupaka. Ukileta sumaku kutoka nje, sehemu moja inakula shamba la jirani na mupaka unasogea. Lakini hausogei kwa kuteleza. Unanasa kwenye kichafu, kwenye mukwaruzo, kwenye mahali nyundo ilipita, unangoja, unavutwa, halafu unaruka ghafla mpaka mahali pengine unaponasa tena. Kila kuruka ni *tak* moja kwenye bobine yangu.

“Na nani anaamua uruke lini?” niliuliza, maana mimi nataka siku zote jina la mutu.

“Hakuna mutu. Chuma kina joto ndani, na joto linatikisatikisa kila kitu. Mara linausaidia mupaka kuruka hapa, mara kule. Ni bahati.”

Bahati! Kila mwizi niliyemukamata maishani aliniambia ni bahati mbaya. Nilimuuliza Noella kama anasali kanisa moja na Mama Kavira. Akasema hamujui hata sura. Nikamuomba anionyeshe, si anieleze.

Akanionyesha. Alizungushia tole waya, akaiunganisha na betri, akafuta sumaku yote iliyomo, halafu akausukuma mupaka kwa nguvu aliyoipima. Akanipa penseli nichore ninachokiona. Nikachora. Akafuta, akasukuma kwa nguvu ileile, kwa mwendo uleule. Nikachora tena. Mara ya tatu vilevile. Nikaweka karatasi tatu mezani. Kulikuwa na kona moja ambapo mupaka ulinasa mara zote tatu, ndipo palipokuwa na mukwaruzo. Kwingine kote, kila karatasi ilikuwa na njia yake: hapa umetokeza, hapa umerudi ndani. Hakuna mutu aliyekuwa amevaa hereni ndani ya chumba kile. Mukono uliochora ulikuwa wangu.

“Sasa fanya kwa haraka,” alisema, akaongeza nguvu ghafla. Mupaka ulipita mbio, na safari hii haukuwa na meno meno mengi, ulikuwa umenyooka zaidi, kama haukupata wakati wa kunasa. “Unaona, papa? Ukiusukuma polepole, kila kichafu kinausumbua, unakuwa na makona. Ukiusukuma kwa haraka, unayapita. Niambie, siku ya kwanza sumaku uliipitisha aje?”

“Taratibu.”

“Na ile siku ya kutoka matanga?”

Nilikuwa nimeipitisha kama mutu anayefukuza nzi. Nusu ya ushahidi wangu ilikuwa hasira ya mukono wangu mwenyewe.

Nilibaki na swali moja la mwisho, kwa sababu mimi ni mimi. Nikasema, sawa, sauti hairudi, lakini hiyo haionyeshi kwamba tole hazikubadilishwa. Noella akakubali, na hilo lilinifanya nimwamini. Alisema: usitafute mlio mumoja, sikiliza umati. Tukapitisha sumaku kwa mwendo mumoja, yeye akiivuta kwa kamba na uzito mudogo ili mukono wangu usiingilie, mara ishirini kwenye tole ya doa, mara ishirini kwenye tole nyingine, ya kutu tupu, niliyoleta kutoka atelye. Akaingiza zote ndani ya ordinateri, ile kompyuta ya shule, pamoja na ile sauti yangu ya kwanza ambayo peke yake ilikuwa na milio kwa maelfu. Akahesabu midogo ni mingapi, ya kati mingapi, mikubwa mingapi. Milio yenyewe haikufanana hata mara moja. Lakini namna ilivyogawanyika, midogo mingi sana, mikubwa michache, na ni michache kiasi gani, kwenye tole ya doa ilikuwa moja siku zote. Ya kutu ilikuwa na namna yake tofauti. Sauti yangu ya kwanza ilikaa na ya doa, haikuwa hata karibu na ya kutu.

“Ni chuma kilekile,” alisema. “Hakikubadilishwa.”

Nilimuomba maji ya kunywa.

Sasa chukueni penseli kidogo, hili ni la kazi. Musipime tole kwa mara moja. Mupime mara nyingi, kwa mwendo usiobadilika, na kama mumegombana na mutu asubuhi, muache mupime kesho. Nimemaliza la kazi.

Nilikwenda Mapendo Jumamosi. Mama Kavira alikuwa anageuza sambaza kwenye mafuta, masikio yake wazi, bila hereni. Nilisimama mbele yake na, kwa haya yangu, nikaanza kumueleza mipaka inayonasa na kuruka, joto, bahati, makona. Alinisikiliza mpaka sambaza zikaanza kuungua.

“Papa Bauma, ulikuya kunifundisha fizike?”

“Hapana. Nilikuya kusema nilikosea.”

“Ulinivulisha mbele ya muganga. Enda sema mbele ya muganga.”

Nilikwenda. Muuguzi alinifanya niseme mlangoni, akina mama wamejaa na batoto wao wa chanjo, na sikuteremsha sauti. Nilikwenda atelye kwa atelye, hata kwa wale niliowaita wezi miaka yote, na wengine walifurahi kupita kiasi. Jumamosi iliyofuata nikarudi Mapendo nikamwambia nimesema. Alinifungia sambaza ndani ya karatasi.

“Sasa utarudi kazini?” niliuliza.

“Mwalimu wako alikuambia usikie mara ngapi kabla ya kujua chuma?”

“Mara ishirini.”

“Basi. Leo nimesikia ya pili. Kuya tena Jumamosi.”

Nikaenda tena. Nikaenda wakati wa mvua, matope yakinifika kwenye magoti kati ya mawe meusi. Kila Jumamosi nilisema pole, na kila Jumamosi ilitoka na maneno mengine. Siku moja ilitoka na machozi, siku moja nilikuwa na hasira na nikasema vibaya, na siku hiyo pia hakunifukuza. Alisikiliza tu, akigeuza samaki. Niliogopa kwamba siku moja atasema chuma hiki kimejulikana, kibaya, kiende. Sijaogopa mutu vile.

Halafu Jumatatu moja nilifika atelye nikakuta mulango uko wazi. Yeye alikuwa ameketi mahali pake, gunia la tole miguuni, anazipanga. Kwenye masikio zilikuwa zile hereni za mama yake.

“Unaangalia nini?” alisema. “Kama uko na mashaka, bobine iko pale. Pima.”

Sumaku ilikuwa mezani, karibu na mukono wangu. Niliisogeza kando, nikatafuta mukasi, nikaanza kukata karatasi ya kufungia waya. Jioni alipochukua begi lake alisimama mlangoni dakika nzima, akiningoja nilichungulie. Mimi nilikuwa nafagia, na sikuinua kichwa mpaka aliposema kwaheri.